Hospitali, Stesheni na Kifaransa Changu

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mkuu wa shule ametangaza kwamba Alhamisi mkaguzi anakuja kuwapima wanafunzi kuzungumza Kifaransa, wawili wawili. Darasa likishindwa, mwalimu wake anahamishiwa somo la michezo. Mimi! Na goti hili! Mwenzangu wa darasa la jirani, Bwana Kelele, alicheka tu. Wanafunzi wake hubishana kwa Kifaransa kutwa nzima, makosa matupu, naye anawaachia. Soko lile, si darasa. Mimi nina mpango.

Jumanne, 4 Machi
Nimetunga mazungumzo mawili: ya hospitalini na ya stesheni. Kila mtu akariri upande wake. Wa mwenzake haumhusu. Kasuku, kijana wangu hodari, ni mkata tiketi, na maneno yake yote ameshayameza. Kimya, binti asiyefungua kinywa, nimemfanya mgonjwa mahututi. Kazi yake kugumia tu. Aliomba angalau aseme anaumwa wapi. Nikamwambia asiniharibie mtihani.

Mke wangu anasema mazungumzo ni kusikilizana. Nilimwambia anipitishie chumvi.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi, mama mpole wa sauti ya chini, kazichanganya jozi zangu! Mkata tiketi wa kwanza alimuuliza mgonjwa anakwenda wapi. Mgonjwa akajibu tumboni, tangu jana. Mkata tiketi akamtakia safari njema. Bwana Kelele, mlangoni, aliuma leso yake.

Kisha Kasuku na Kimya. Kasuku aliuliza anakwenda wapi. Kimya hakugumia. Alimtazama tu. Kasuku akasahau kila kitu, machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Basi Kimya, kwa Kifaransa cha kuokoteza, akamuuliza kama anaumwa. Kasuku akasema anaogopa. Kimya akamwambia akae, hata yeye anaogopa. Wakaendelea hivyo, polepole, mpaka Kasuku akatabasamu.

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Akasema hayo ndiyo mazungumzo pekee aliyoyasikia darasani kwangu, na kwa ajili ya watoto hao wawili ananiachia Kifaransa mpaka muhula ujao, atakaporudi. Niliona fahari, na aibu pia, sijui ipi ilitangulia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeamka na akili mpya. Sasa najua mkaguzi anataka nini! Hospitali na stesheni nimezifuta ubaoni. Nimeandika maneno yote ya Kimya na Kasuku, makosa yakiwemo, na darasa zima litayakariri: nusu walie, nusu wabembeleze.

Kimya alinyoosha mkono, mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema jana hakuwa amekariri chochote. Nikamwambia asiniharibie mtihani.

Tatizo ni moja tu: wengi machozi hayawatoki. Vitunguu nitanunua mwenyewe.