Umeme Usio na Kelele

Jumatatu, 3 Septemba 2007. Tlawi.
Hatimaye! Mtafiti wa ndege, Mama Doris wa chuoni, anataka kupiga kambi siku tatu Yaeda Chini, kando ya bwawa, kuanzia Ijumaa. Anahitaji taa, na mahali pa kuchaji kamera na kompyuta. Akiridhika atarudi kila mwaka. Jirani yangu Nicodemo anamtaka mgeni huyo huyo kwa sababu ana jenereta. Nimempigia Mama Doris simu kabla yake. Nimemwambia jenereta itafukuza ndege wote, lakini mimi Margwe nina umeme usio na kelele.
Nina tochi moja.

Jumanne, 4 Septemba.
Mbulu mjini kwa Mzee Sulle, fundi wa betri. Nilimpa shikamoo, akaniuliza nitawasha nini na kwa saa ngapi. Nikamjibu: kila kitu, saa zote. Akashika kichwa. Akanieleza pole pole kwamba betri ya gari ni ya kustua injini tu, ukiimaliza inakufa. Ya kambi ni betri ya sola. Na inveta, kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, ya wati mia tatu inatosha kabisa.
Mia tatu! Nicodemo angenicheka mpaka Krismasi. Pale juu palikuwa na inveta nyekundu ya wati elfu moja na mia tano, ina feni yake. Nikaitaka hiyo. Basi kilichobaki kikatosha betri ya gari tu, tena iliyotumika.
Tulibadilishana kwa mtamba. Mtamba ni wa Kornelia, mke wangu. Alipewa na baba yake, na ana mimba ya miezi saba. Sijamwambia.

Jumatano, 5 Septemba.
Nimemwambia. Yaani nimemwambia mtamba yuko Yaeda kwa rafiki yangu Gidabuday, maana huku juu majani yamekwisha. Wazee wetu waliweka ng'ombe kwa marafiki tangu zamani, nani atashangaa? Kornelia alifurahi. Akasema Wabarbaig, watu wa Gidabuday, wanajua ng'ombe kuliko sisi. Tangu ng'ombe wake wa kwanza afe kwa ukame hajakamua wa kwake, miaka mitatu sasa. Amenunua kibuyu kipya cha maziwa. Leo alikuwa anakifukiza moshi huku anaimba wimbo wa kwaya.
Nilijisikia vibaya sana. Nikala ugali wote.

Alhamisi, 6 Septemba.
Safari na punda. Inveta upande huu, betri upande ule. Betri nzito, punda akawa anatembea kama mlevi. Nikailaza betri kwa ubavu ili mzigo ukae sawa. Busara! Tulipofika chini ya mteremko gunia lilikuwa na matundu. Suruali yangu ya kanisani, iliyokuwa ndani, sasa ina mguu mmoja. Punda ni mzima, Mungu ni mwema.
Maji ya betri, yale makali yanayounguza, yalikuwa yamemwagika nusu. Nikajazia ya kisimani. Gidabuday aliniangalia, akasema maji yale yana chumvi, hata mbuzi wake huyanywa kwa kuwaza. Nikamwambia betri si mbuzi.

Ijumaa, 7 Septemba.
Mama Doris amefika na dereva wake, Ezekiel. Saa kumi na mbili na nusu jioni nikawasha. Taa! Feni ikavuma! Ezekiel akapiga makofi. Dakika kumi na moja. Kisha inveta ikaanza kulia, piii, piii, piii, taa zikafa, na bwawani ndege wakaruka wote kwa mpigo. Mama Doris akauliza kwa upole kama huo ndio ule umeme usio na kelele.

Jumamosi, 8 Septemba.
Siku mbaya kuliko zote.
Kornelia alitokea mchana kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Alitoka nyumbani kabla ya mapambazuko aje kumwona mtamba wake. Alikuwa na kibuyu begani, na sukari na tumbaku za kumshukuru Gidabuday. Akampa kwa mikono miwili. Gidabuday akanitazama. Nikamkonyeza. Lakini yule mtu hawezi kusema uongo kuhusu ng'ombe, hata kwa rafiki. Akamwambia Kornelia, hapa hakuna ng'ombe wako, wala hajawahi kuletwa.
Nikaeleza. Nikaeleza wati. Kornelia aliitazama betri, akauliza itazaa lini.
Zawadi hakuzirudisha. Alichukua kibuyu chake akapanda mlima. Nilitaka kumfuata, ila nani angelinda vifaa? Jioni Mama Doris alihamia kwa Nicodemo, aliyekuwa ameshuka na kupiga kambi ng'ambo ya bwawa. Jenereta yake inasikika hapa.

Jumatatu, 10 Septemba.
Nimerudi kwa Sulle. Betri imekufa, chumvi imeila. Mtamba, Sulle alishamuuza mnadani juzi, hajui kwa nani. Nililia njiani, naandika ukweli.
Kornelia ananipakulia chakula. Kibuyu amekitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nina aibu. Nimeapa: mipango basi.

Jumanne, 11 Septemba.
Nimewaza usiku kucha. Inveta ni nzima! Kosa lilikuwa betri kuwa moja. Mbili zingebeba. Punda yupo, na Sulle anapenda wanyama. Safari hii nitabeba maji ya betri ya akiba kutoka mjini, ya dukani, si ya chumvi.
Chombo cha kuyabebea tu ndicho kilichonisumbua. Mchana Kornelia alipokwenda shamba nikakishusha kibuyu. Kikavu, kipya, hakivuji hata tone. Nimekipima kwa maji. Kinabeba lita tatu.