Njiwa wa Ghala la Nyaishozi

Jumatatu, 9 Agosti 1954
Balaa! Barua kutoka Bukoba. Bwana Mkaguzi wa kahawa anakuja Jumatatu ijayo. Akikuta kinyesi cha njiwa kwenye kahawa, magunia yote yanakataliwa na karani wa ghala anaondolewa. Karani wa ghala ni mimi, Desderius! Nafasi atapewa Protase, mpima mizani. Tangu asubuhi anakitazama kiti changu kama fisi anayengoja mkono wa mtu udondoke.

Nimewahesabu njiwa darini. Sitini na wawili. Wote ni wa Mzee Shaaban, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Nikamwendea, shikamoo, marahaba, nikamweleza shida yangu. Akasema njiwa ni baraka, wazee wake kule Pangani waliwafuga, na atakayemuua hata mmoja asikanyage dukani kwake. Chumvi na mafuta ya taa tutapata wapi? Basi, hakuna kuua. Itumike akili. Ninayo.

Jumanne, 10 Agosti
Mke wangu Adventina anashauri tumwombe Mzee Shaaban awalishe njiwa uani kwake, nasi tuondoe mayai darini. Nilicheka. Shida kubwa hivi, dawa ndogo hivyo!

Nimesimamisha sanamu ya majani ya migomba mbele ya ghala, nikaivika koti langu la harusi. Hadi saa sita njiwa watatu walikuwa wamekaa mabegani. Koti halitazamiki. Protase aliuliza kama yule ndiye karani mpya, maana anaonekana mchapakazi. Mshenzi!

Alhamisi, 12 Agosti
Ushindi! Jana nililoweka mtama kwenye rubisi, pombe ya ndizi, ile kali ya shemeji. Leo asubuhi nikaumwaga uani. Wakala, wakala, wakaanza kupepesuka. Mmoja aliipigia magoti ndoo. Nikawaokota taratibu, arobaini kamili, nikawalaza kwenye matenga yenye nyasi laini. Hakuna aliyeumia hata unyoya.

Saa saba nimepanda nao lori la ndizi hadi Kaisho. Jioni, pombe imewatoka, nikafungua matenga. Kabla hawajaruka niliwapa maneno machache ya kuagana. Wakulima wawili walipiga makofi. Nalala huku, lori linarudi kesho kutwa.

Jumamosi, 14 Agosti
Nimerudi. Wapo juu ya paa! Protase anasema walifika jana asubuhi, tena wakapumzika vizuri. Nimehesabu mara mbili. Sitini na sita! Wamekuja na wageni.

Hilo si baya kuliko yote. Mzee Shaaban alikuwa ananingoja mlangoni. Kuna mtu amemwambia habari ya rubisi (Protase, nani mwingine?). Lahaula! Alisema hajawahi kuonja pombe maisha yake yote, wala baba yake, na juzi njiwa wa nyumbani kwake walilala uani wamelewa, mbele ya watu wanaotoka msikitini. Niliona haya kweli kweli. Nilidhani njiwa hawana dini.

Jumapili, 15 Agosti
Baada ya misa Adventina alikwenda kwa Mzee Shaaban na mkungu wa ndizi. Alipiga magoti, akaomba radhi kwa niaba yangu. Mzee alisema anasamehe kwa ajili yake, siyo yangu.

Kisha wakapanga, hao wawili, bila kuniuliza. Mzee alipigilia masanduku ya sabuni ukutani kwake kuwa viota. Akamwaga mtama uani, mtama mkavu, alisisitiza akinitazama. Njiwa wakamfuata wote. Haraka tukaziba matundu ya dari kwa waya. Mayai yaliyokuwa darini tuliyaondoa, na kinyesi tukakikwangua chote. Kwenye masanduku, Mzee amesema, kila njiwa akitaga atambadilishia yai lake kwa yai la kuchonga la mti. Ataatamia hadi achoke, wala hataongeza mengine. Watapungua wenyewe, taratibu, bila damu.

Mimi nilishika ngazi. Bila ngazi wasingefika popote.

Jumatatu, 16 Agosti
Mkaguzi amekuja! Amezunguka ghala lote, amechota kahawa kwa mkono, amenusa, amekagua dari. Safi! Hata alama moja hakuona. Kiti changu kimepona!

Akauliza ni nani aliyewaondoa njiwa kwa ustadi huo. Adventina alikuwa shambani. Mzee Shaaban alikuwa dukani. Nikasema ni mimi. Nikamweleza kwa robo saa, yeye akiandika.

Alipomaliza akanishika mkono. Alisema ghala la Nyabiyonza limeingiliwa na ngedere, wanatoboa magunia, makarani watatu wameshakimbia. Mtaalamu kama mimi anahitajika huko kuanzia Alhamisi. Hapa atabaki Protase, kwenye kiti changu. Protase alinipongeza kwa mikono miwili, meno yote nje.

Adventina aliporudi kutoka shambani nilimpa habari yote. Akauliza kwa nini sikusema tu kwamba ni yeye na Mzee. Hajui mambo ya kazi huyu! Mtaalamu! Bukoba wananitambua!

Na ngedere nimeshawamaliza kichwani. Nitamkamata mmoja tu, mkubwa wao, nimvalishe kengele shingoni. Wenzake watamkimbia, yeye atawafuata, na hivyo hivyo hadi wavuke mpaka wa Uganda.

Adventina ameuliza nitamkamataje. Maswali madogo madogo!