Ndama wa Majani

Jumatatu, 6 Oktoba

Ndama amekufa. Nimemkuta kando ya lambo, pale palipokuwa na maji zamani, mdomo umejaa udongo mkavu. Nikalia. Nikaacha, kwa sababu Winnie naye alianza, na mwanangu akianza hana breki.

Baba Winnie kapeleka ng'ombe wengine bondeni Malagarasi kutafuta majani. Huku Nyakitonto ukame umekula hata fagio. Katuachia Gaju, mama wa huyu ndama, peke yake, mtoto apate maziwa. Sasa Gaju hamwoni mwanawe, kabana maziwa. Hata tone!

Jioni kapita Shemeji Bazilio, kaka yake baba Winnie. Kasema ng'ombe asiye na maziwa ni mdomo tu, Jumapili anakuja kumpeleka mnadani. Nikamuuliza shemeji, na Winnie atakunywa nini? Kasema chai ya rangi haijaua mtu. Mtu mwenyewe tumbo kama debe!

Gaju haondoki. Nimeliandika, basi limekuwa. Mwaka jana nisingeweza kuandika hata jina lake.

Jumanne, 7 Oktoba

Mama mkwe ni binti wa wafugaji, anajua mambo. Kamchuna ndama, kaanika ngozi, na kwa jua hili ilikauka ukitazama. Tukaijaza majani makavu, tukashona, tukapaka chumvi. Kumbe ng'ombe akimlamba ndama wa majani anadhani mwanawe kafufuka, anashusha maziwa.

Masharti anayo pia. Ndama asisimamishwe. Asiwekewe macho. Akishalambwa arudi darini, afunikwe. Nikauliza kwa nini. Kanijibu kwamba kwa nini ni ya darasani, hapa tunakamua.

Gaju kalamba. Maziwa hayo! Winnie kanywa mpaka kalala na povu mdomoni, mzuri kama sanamu ya kanisani.

Mkia wa ndama ulitikisika kidogo. Upepo. Upepo haukuwepo leo, lakini ni upepo.

Jumatano, 8 Oktoba

Darasani. Mwalimu Mwanaamina, aliyeletwa kutoka Tanga kutufundisha akina mama kusoma na biashara, kaandika ubaoni: MTEJA HUNUNUA KWA MACHO KWANZA. Nimeisoma mwenyewe, bila kufuata kidole!

Nikasimama kueleza mpango wangu. Nauza maziwa yanayobaki, nanunua pumba, Gaju anashiba, Shemeji Bazilio anaona biashara badala ya mdomo. Mwalimu akapiga makofi. Vestina, jirani yangu, anayekaa mbele kabisa na mkoba utadhani mkaguzi, akauliza wateja watajibiwa nini wakitaka kujua mbona ndama wa mama Winnie hanyi. Wakacheka mpaka mwalimu akapiga ubao.

Wivu. Ila kanipa wazo. Kama mteja hununua kwa macho, huyu ndama anafanya nini darini? Kuanzia hapa mpaka Kasulu mjini, nani ana tangazo kama hilo?

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama mkwe alipoenda kutafuta kuni, nikamshusha ndama. Nikamtia miti ndani ya miguu, akasimama wima. Macho nikamwekea visoda viwili vya chupa. Vinang'aa hivyo! Shingoni kipande cha boksi: MAZIWA FRESHI YA MAMA WINNIE. Nikamweka njia panda, anatazama barabara, mimi nikakaa nyuma ya kichuguu na kibuyu changu.

Jua linazama, Hilali wa bodaboda akakata kona. Akaona yale macho. Akaruka. Pikipiki iliendelea na safari peke yake mpaka kwenye mihogo. Hilali kaapa mbele ya watu kwamba ndama kageuza shingo kumsindikiza. Nikamwambia kaka, ni majani. Kasema basi majani yamemsindikiza.

Hakununua mtu.

Nilipofika kumchukua, ndama alikuwa anatazama kichuguu. Ananitazama mimi. Nilimweka akitazama barabara, nakumbuka vizuri.

Vestina huyo!

Ijumaa, 10 Oktoba

Jana nilimrudisha darini, nikamfunika. Asubuhi namkuta kasimama mlango wa zizi. Kwato zina tope. Tope bichi, linanuka mvua. Kijiji kizima hakuna tope, hata kisimani tunakwangua.

Nikaenda kumuuliza Vestina kwa adabu. Nikaanza na neno mwizi. Kasema mama Winnie, mimi hata ndama mzima namkwepa, nije nimbebe marehemu? Kafunga mlango. Nikamsikia anaburuta meza kuuzuia. Mtu asiye na hatia haburuti meza.

Anifa, yule wa vitumbua, kamaliza biashara yangu pale pale barabarani. Kasema maziwa hayana neno, ila yeye hawezi kuchangia kikombe na maiti.

Mama mkwe hajanigombeza. Kahamisha tu kigoda chake, haipi dari mgongo tena.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mtego wangu ulikuwa wa akili. Jana usiku nilimrudisha ndama darini, nikamwaga majivu kuzunguka nyumba yote ili nyayo za Vestina zimuumbue.

Asubuhi dari tupu. Ndama hayupo! Na kwenye majivu, alama. Kwato ndogo ndogo, zinatoka mlangoni kwetu kwenda upande wa lambo. Za kurudi hakuna. Nyayo za mtu hakuna.

Huyu Vestina ni hatari. Kavaa kwato.

Nikaenda kukamua nikiwa nimekata tamaa. Bila ndama Gaju atabana, na kesho ni Jumapili. Nikamkuta kainamisha kichwa. Analamba. Analamba hewa, juu kidogo ya ardhi, hapo hapo pangefika mgongo wa ndama. Ulimi wake ukawa unakwaruza, krr, krr, kama kwenye manyoya. Maziwa yakashuka yenyewe. Nikakamua nimefumba macho.

Winnie mgongoni anacheka. Akanyoosha mkono pale pasipo kitu, akaurudisha. Vidole vimelowa.

Nimemfuta. Jasho la mtoto.

Jumapili, 12 Oktoba

Shemeji Bazilio kaja baada ya ibada, kamba begani. Nikamwomba asikilize kwanza. Nikamsomea mpango wangu wote kwa sauti, mpaka kwenye pumba. Kanisikiliza, kacheka, kasema nasoma vizuri sana, sasa nisogee.

Nikasogea. Nifanye nini? Winnie nimembana kifuani, nahesabu tu kwamba kesho ni chai ya rangi.

Kaingia zizini. Gaju alikuwa analamba. Shemeji kauliza analamba nini. Mwalimu alisema mteja asidanganywe, nikamjibu ukweli: mwanawe. Kasema wanawake mkisomeshwa mnachanganyikiwa. Kapeleka mkono pale chini, anionyeshe hamna kitu.

Mkono ukakwama.

Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayekumbuka kitu. Kasema kwa sauti ndogo sana, shemeji, kinaninyonya kidole.

Halafu akaondoka. Mlango aliuona, hakuutumia. Kapita juu ya ua wa miiba, koti lake likabaki limening'inia. Akiwa barabarani kapaza sauti kwamba Gaju ni wangu, wa watoto wangu na wa wajukuu zangu, na nisimtajie huyo ng'ombe jina la Bazilio.

Gaju kabaki! Winnie ana maziwa! Nimemweleza Mama mkwe kwamba elimu ni kitu kikubwa, mpango ukisomwa kwa sauti hata Bazilio anaelewa. Kasema kesho twende lambo tukamzike vizuri yule mtoto wa watu, na nisijaze kitu chochote majani tena maisha yangu yote. Nikasema ndiyo mama.

Lakini koti lile! Pana, kitambaa kizito, halijatoboka popote ila kwapani. Limekaa kwenye miiba linaomba majani. Nimelijaza vizuri, nikalisimamisha mlango wa zizi. Shemeji yeyote mwingine akija na kamba, atakuta kuna mwanaume. Hata mwalimu angepiga makofi.

Nikaingia ndani kumnywesha Winnie maziwa. Kutoka, vifungo vya koti nilivyoviacha wazi vyote vimefungwa, mpaka shingoni.

Vestina! Kesho atanitambua.