Diski Iliyolala Kwenye Friza

Jumatatu, tarehe 3

Kompyuta mpakato imekufa. Naandika kwa kalamu, kama enzi za ustaarabu. Asubuhi nimeiwasha, ikakohoa, kisha ikaanza kugonga kutoka ndani: ka, ka, ka, kama mtu aliyefungiwa chooni. Halafu kioo cheusi na mstari mmoja mweupe unaosema diski haionekani. Haionekani! Nimeigeuza. Nimeitikisa kidogo. Ikagonga kwa hasira zaidi. Nimeiacha.

Humo imo historia yetu yote: jinsi tulivyotoka kwetu, mimi, mke wangu na mdogo wake wa kiume, hadi tukafika mji huu tuliozeekea. Miaka ya kudonoa herufi kwa vidole viwili. Jumamosi mke wangu anatimiza miaka sabini. Watoto wote wanakuja, na msomaji ni mimi. Mke wangu hakuomba keki wala gauni. Ameomba jambo moja: watoto wayasikie maneno ya mama yake, siku ile tulipomwacha mlangoni. Yeye mwenyewe hajawahi kuwasimulia. Kila akianza, hukumbuka kuna kitu jikoni kinaungua. Alinisimulia mimi, mara moja, zamani, nikayaandika. Nikamwambia atulie, yako mahali salama.

Nakala sina. Mkwe wangu, mume wa binti yetu, ambaye kazi yake ni hizohizo kompyuta, alinishauri mwaka jana niweke nakala. Yaani hakunishauri yeye. Mkwe hamfundishi baba mkwe. Alimtuma binti yangu. Nikarudisha jibu kwa njia ileile: mtu aliyevuka mito miwili na vitabu vyake visilowe hafundwi namna ya kutunza vitu. Lilikuwa jibu zuri. Leo si zuri sana.

Mke wangu ameuliza mbona hasikii nikidonoa. Nimesema kompyuta imepumzika. Hatajua mtu.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda kwa fundi, nyuma ya kituo cha mabasi. Ameusikiliza mlio kwa sikio moja, la pili lina simu. Akasema diski imekwisha, nitie mpya. Za siku hizi hazizunguki, hazina kelele, nyembamba kama biskuti. Nikauliza yaliyomo kwenye ile ya zamani. Akasema hayo tumwachie Mungu. Na kompyuta nimwachie yeye, hadi wiki ijayo. Nimwachie? Mtu aliyekosea vishikizo vya shati lake mwenyewe! Nimenunua diski mpya na bisibisi ndogo kabisa, nikaondoka kwa heshima zangu.

Mpango: kwanza kuitia mpya, kisha kumimina ya zamani ndani yake, kama mafuta kutoka chupa hadi chupa.

Mke wangu alipotoka kwenda kwa jirani nimetandaza kila kitu kwenye meza ya chakula. Skrubu zina hila: nyingine fupi, nyingine ndefu, na kila moja inataka tundu lake. Nimeziweka kwenye kikombe zisipotee. Nimetoa betri. Nimetoa kifuniko. Nimetoa diski yenyewe, nikajisifu kwa sauti.

Ndipo shemeji akaingia bila hodi. Shemeji ni huyo mdogo wa mke wangu. Ni mgane, anakaa mtaa wa pili, na pua yake huijua birika yetu kabla haijachemka. Nimefunika meza kwa gazeti, nikasema najisomea. Akauliza kama habari za mwaka juzi zina jipya. Mke wangu akarudi, akamkuta mgeni, akashika kikombe kilicho karibu, akamimina chai. Niliona. Ningesemaje?

Shemeji akanywa. Akatafuna. Akatoa skrubu ulimini, akailaza kisahanini taratibu kama mwiba wa samaki. Halafu nyingine.

"Dada," akasema, "sukari yako siku hizi ina mifupa."

Nimewaambia ni za kabati. Mke wangu amelitazama kabati kwa muda. Skrubu moja haijaonekana hadi sasa. Shemeji amerudi kwake ameshika tumbo, anatembea kama mtu aliyebeba yai la mwenzake.

Jumatano, tarehe 5

Diski mpya imeingia! Imekaa kama jino. Skrubu zote zimerudi isipokuwa ile ya shemeji. Nimewasha, kioo kikaniuliza mimi ni nani na ninataka lugha gani. Haijui lolote. Na ya zamani ningeimiminia wapi? Tundu ni moja, diski ni mbili. Fundi angenitahadharisha kama angekuwa mtu wa maana.

Jirani yetu, dereva mstaafu, amenipa siri juu ya ukuta wa ua. Diski iliyokufa hugandishwa. Ikilala kwenye friza usiku kucha, huamka kwa muda mfupi, unachukua chako, nayo inalala moja kwa moja. Nikamuuliza kama amewahi kufanya. Akasema amewahi kufanya kwa betri ya redio, na tofauti yake ni ndogo.

Huyu ndiye mtu wa kushauriana naye. Nimeifunga diski kwa foili, tabaka mbili, nimeificha chini kabisa ya friza, nyuma ya nyama. Mke wangu amenikuta nimeingiza mkono hadi begani. Nimesema natafuta barafu. Akasema barafu iko juu, imeandikwa barafu.

Alhamisi, tarehe 6

Asubuhi nimefungua friza. Nyama ipo. Diski hakuna.

Nimeuliza kwa mbali, kama mtu asiyejali. Mke wangu akasema mdogo wake amelalamika tumbo zito tangu juzi, kwa hiyo amempelekea kile kipande cha ini kilichokuwa chini kabisa kwenye foili, apike supu apate nguvu.

Supu!

Nimechukua ini la kweli nikakimbia, na mbio zangu siku hizi ni za kutia huruma. Nimemkuta shemeji jikoni kwake. Sufuria inatokota. Foili imefunguliwa, na diski imelala kwenye sahani, inatiririka maji, mbele yake uma na kisu.

"Karibu, shemeji," akasema. "Ini hili lina namba."

Alikwisha kujua. Amenisikia nikijivuna na historia hiyo mpaka amechoka. Akaniuliza jambo moja tu: humu ndani, siku ile ya kuhama, nani ameandikwa kuwa aliibeba cherehani yetu? Nikasema historia ni bahari. Akaishika diski kwa uma, akaisogeza juu ya mvuke. Nikasema mimi. Na yeye amebeba nini? Nikasema mto. Wa kulalia.

Amejipapasa shingo. Kisha akasema miaka yote hii shingo yake inamuuma upande wa kushoto, na haikuumizwa na pamba. Ama cherehani iwe yake mbele ya watoto Jumamosi, ama tule supu. Nimekubali. Nimeapa, huku vidole vya mguu nimevikunja ndani ya kiatu, ili kiapo kisinishike. Amenipa diski. Ini la kweli pia amebaki nalo, kwa gharama za usumbufu.

Ijumaa, tarehe 7

Binti na mkwe wamewasili mapema, mke wangu akiwa sokoni. Mkwe ameona meza, bisibisi, diski iliyoanikwa dirishani juu ya taulo. Akasema shikamoo, Baba, akatazama dari. Mtoto ana adabu. Adabu yake ilikuwa inanifaa mpaka leo.

Tukaketi watatu. Akamgeukia mke wake. Amwulize Baba kama kuna mtu ameilowesha diski hii. Nikamwambia binti amjibu kwamba yupo mtu. Akasema amwulize pia kama kuna mtu aliigandisha. Nikasema ni huyohuyo. Kabla ya kuigandisha, je, kuna mtu aliitikisa? Hapo binti yangu akaweka kitambaa cha meza chini, akasema yeye si posta, tuko meza moja, na wote wawili tuna midomo.

Mkwe ameiunga diski kwa waya kwenye kompyuta yake. Imegonga: ka. Tukainama wote. Ka. Kisha hata hiyo ka ikatoweka. Ameigusa kama anavyoguswa mgonjwa aliyekwisha kukata roho. Akainua macho, akanitazama mimi mwenyewe, mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu.

"Pole, Baba," akasema. "Hakuna kitu tena humu."

Nilipendelea alipokuwa anapitia kwa binti.

Amenipandishia programu kwenye diski mpya. Inawaka haraka, kimya, tupu kama nyumba iliyohamwa. Ameniwekea picha ya mlima pale mbele ili nisione upweke. Nimewakataza wasimwambie mke wangu neno. Jioni ameniuliza kama nimepitia sehemu ya mama yake. Nimesema nimeipitia. Akaniwekea mkono begani, akaenda kukunja nguo.

Mpango mwingine umekuja wenyewe. Watoto watakaa mbele yangu. Nani ataona kioo?

Jumamosi, tarehe 8

Wamekuja wote. Viti havikutosha. Nimeketi na kompyuta mapajani, mgongo ukutani, miwani puani, nikausoma mlima.

Nimesoma vizuri! Barabara, mvua, mito miwili, vitabu visivyoloa. Nilikuwa hata nageuza kurasa kwa kidole. Kwenye cherehani shemeji alisogea mbele ya kiti. Nikasoma kwamba cherehani ilibebwa na wanaume wa familia. Akarudi nyuma nusu.

Kisha nikafika mlangoni. Mke wangu akaweka kikombe chini. Nilikuwa nayakumbuka niliyoandika, maana niliyaandika kwa jasho. Nikasoma: "Mama akainua mkono akasema, Nendeni, wanangu. Dunia ni pana, na ukweli ni taa isiyozimwa na upepo wa..."

"Mama hakusema hivyo."

Mke wangu hakupaza sauti. Nikautazama mlima. Mlima haukunisaidia. Nikangoja aseme kuna kitu kinaungua. Hakwenda popote.

"Alisema, fungeni mlango taratibu, kuku anaatamia," akasema mke wangu. "Basi. Hivyo tu."

Hakuna aliyecheka. Ndipo shemeji, kule mwisho, macho yake kwenye viatu, akasema yako mengine. Mama alisema pia wasigeuke. Mkigeuka, alisema, nitadhani mmesahau kitu, nianze kukitafuta.

Mke wangu akamtazama mdogo wake kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Akasema hilo hakulisikia. Shemeji akasema asingelisikia, alikuwa keshafika njiani. Aliyefunga mlango ni yeye, shemeji.

"Na hukuniambia?"

"Nitakuambiaje, Dada? Kila nikianza unakimbilia jikoni."

Akacheka yeye kwanza, mke wangu, kisha akalia, kisha akashindwa kujua afanye lipi, na shemeji akawa hivyohivyo, na watoto wakawazunguka hata sikuwaona tena. Niliendelea kushika kompyuta. Mtu alipaswa kuishika. Baadaye mke wangu akaja nyuma yangu akifuta uso, akainama juu ya bega langu, akautazama mlima kwa utulivu.

"Unasoma vizuri, mzee wangu," akasema. Akakifunga kifuniko taratibu.

Jumapili, tarehe 9

Mke wangu amekaa nyuma ya kiti changu asubuhi nzima. Nimeyaandika maneno ya mama mkwe upya, nusu ya dada na nusu ya mdogo wake, kuku na yote, bila kuongeza nukta. Ameyasoma. Ameniambia kwingine nifanye nitakavyo, hapa nisiguse. Kisha ametoka kumsindikiza shemeji, ambaye tumbo limepona na shingo pia.

Lakini mafupi mno. Mama anaagana na wanawe, anataja kuku? Nimeongeza "dunia ni pana". Maneno matatu tu, hata kuku hatayasikia. Na cherehani nimeirudisha kichwani kwangu, mahali pake.

Mkwe, wakati wa kuaga, amerejea kwenye adabu zake. Amemtuma binti aulize kama Baba ataridhia kuwekewa nakala kidogo, angalau ya ukurasa ule mmoja. Ameacha na flashi, ndogo kama ukucha wa gumba. Nimerudisha jibu kwa njia ileile. Diski ya sasa haizunguki. Kitu kisichozunguka kitachokaje?

Flashi nimeipokea kwa mikono miwili, maana mkwe ni mkwe. Unene wake umenifaa kabisa. Mguu wa meza uliokuwa unayumba umetulia.