Stika Kumi na Mbili za Ampia

Ampia alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme, akinunua betri mbili, aliposikia ugomvi mlangoni uliomfanya asahau chenji yake.

"Sisaini," mkaguzi wa umeme, mwanaume mkondefu mwenye begi begani, alikuwa akimwambia mama mmoja mwenye ghorofa. "Majiko yako yote kumi na mawili yamejengewa ndani ya makabati, na hakuna hata moja lenye waya wa ethi wa kupeleka umeme ardhini. Umeme ukivuja hauna pa kwenda ila mwilini mwa mpishi. Vuta waya kwanza, ndipo uniite."

"Kuvuta waya si mpaka nibomoe makabati?"

"Basi bomoa, mama."

Mkaguzi akaenda zake. Ampia akahisi kifuani lile joto ambalo watu wema hulipata wanapomwona mtu wa kumsaidia.

Tuseme ukweli: Ampia hakuwahi kusomea umeme hata siku moja. Alichokuwa nacho ni shati la bluu lenye mifuko minne, buti nene za mpira, na kidude cheusi chenye mshale na kengele. Kengele ililia pale tu alipobonyeza kitufe kilichojificha chini ya kidole gumba. Ikilia mara moja, jiko ni bovu. Ikilia mara tatu, jiko ni zima. Uzima na ubovu wa jiko ulitegemea zaidi uso wa mwenye jiko.

Lakini siku zile mjanja wetu alikuwa na kidonda chake. Mkewe alikuwa kwa mama yake mwezi wa pili sasa, amechoka kupika juu ya kigoda pembeni ya kitanda, katika chumba kimoja ambamo moshi wa vitunguu ulilala nao shuka moja. Mama mkwe alikuwa ametoa hukumu kwa simu: "Mwanangu atarudi siku utakayompa jiko. Sikusema ahadi ya jiko. Nimesema jiko." Na Ampia, aliyeweza kudanganya mtaa mzima bila kupepesa macho, alimpenda mke wake bila udanganyifu wowote. Alimkumbuka mpaka chakula kikamshinda.

Akamkimbilia yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Samahani, nimesikia bila kutaka. Yule ni mkaguzi wa kizamani, na hawa wa kizamani wanapenda sana kubomoa. Sisi siku hizi tunapima kwa mawimbi."

"Mawimbi?"

"Yanapenya kabati, mama. Hatugusi hata skrubu."

Mwenye ghorofa akamtazama kuanzia buti mpaka kola, taratibu, kama anayepima kitambaa cha pazia. "Mwanangu," akasema, "wewe umeletwa. Njoo kesho asubuhi."

Asubuhi hiyo majiko kumi na mawili yalikaguliwa kwa dakika ishirini na tano, pamoja na kupanda ngazi. Katika kila jiko Ampia alipiga goti, akaweka kidude kwenye mlango wa oveni, akafumba macho kwa heshima ya sayansi. Kengele ikalia mara tatu. "Umeme unatembea vizuri," alitangaza. "Volti mia mbili na arobaini, hazipungui, hazizidi." Kisha akabandika stika ya kijani iliyoandikwa SALAMA KWA MATUMIZI YA FAMILIA, akaweka sahihi yenye mikia miwili. Hakuwasha hata jiko moja. Mwenye ghorofa alimfuata nyuma akibeba stika na kuitikia, "Naam, Injinia."

Nyumba ya juu kabisa haikuwa na mpangaji. Ampia alipoingia jikoni alisahau hata kufumba macho. Makabati meupe. Oveni iliyochomekwa ukutani usawa wa kifua, ili mpishi asiiname. Jiko la kioo lililolala ndani ya meza, na mashine ya kuoshea vyombo iliyojificha nyuma ya mlango wa kabati. Akamwona mkewe amesimama pale, amefunga khanga kiunoni, anamcheka.

"Sina taslimu leo, Injinia," mwenye ghorofa akasema nyuma yake. "Lakini nyumba hii inanikalia bure. Hamia, kaa mwaka mzima bila kodi. Tuandikishane tu."

Alikuwa na karatasi mbili tayari mkobani. Sasa, Ampia ni mtu ambaye kwa miaka saba alikuwa akiwaambia wateja, "Saini hapa, hayo mengine ni maneno ya kawaida tu." Alikuwa ameyasema mara nyingi mno hata akayaamini. Akasaini.

Jumapili mke akaja, na mama mkwe akaja naye kuhakiki. Ampia alikuwa amepiga deki tangu alfajiri; vigae bado vilikuwa na majimaji. Wageni wakavua viatu mlangoni. Mke akafungua kabati moja baada ya jingine, akaichungulia mashine ya kuoshea vyombo, akageuka na macho yamelowa. "Baba wee! Kweli hili ni letu?"

"Lako," Ampia akasema.

"Hebu nione hiyo oveni," mama mkwe akasema, akashika mpini.

Alichosema baada ya hapo hakina herufi. Alirudi nyuma hatua tatu, akakalia ndoo ya deki, kilemba kikamfunika jicho moja.

"Limeniuma! Mkwe, jiko lako linauma!"

"Mama, labda umeteleza tu," mke akasema, akagusa kwa ncha ya kidole. "Uwiii!"

Mke, akishika kidole chake, akasogeza uso karibu na stika ya kijani. Akasoma. Akasoma tena ule mstari wa chini.

"Hii si sahihi yako?"

"Inafanana," Ampia akasema.

Mkewe akatoka. Alishuka ngazi, akarudi na mwenye ghorofa, aliyeingia na viatu vyake vya raba, mikono nyuma, mpole kuliko siku zote.

"Jiko linarusha watu? Haiwezekani. Injinia mwenyewe kalipima kwa mawimbi."

"Kama ni zima, alishike," mama mkwe akasema kutoka kwenye ndoo.

Ampia akaanza kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" mke akauliza.

"Kuvaa buti."

"Mimi nilikuwa na buti?" mama mkwe akauliza.

Basi mkaguzi wetu wa mawimbi akasimama pekupeku juu ya vigae alivyovilowesha kwa mkono wake, mbele ya mama wa mke wake, akashika. Aliruka. Meno yaligongana, na maneno yakamtoka yenyewe, ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote: "Sijui umeme! Sijawahi kujua umeme!"

"Najua, mwanangu," mwenye ghorofa akasema. "Siku ile unapima nilikuwa nimezima swichi kuu ya ghorofa zima. Kengele ikalia vilevile, na volti zako mia mbili na arobaini ukazikuta zote. Nikasema, huyu ndiye niliyekuwa namtafuta."

Akatoa mkataba, akaugeuza ukurasa wa pili, akausoma kwa sauti ya kuhubiri: hitilafu yoyote itakayoonekana katika jiko lolote kati ya kumi na mawili, mkaguzi ataitengeneza kwa mkono na gharama zake, mpaka mkaguzi wa pili athibitishe kuwa jiko ni salama. Mikia miwili ya sahihi ilionekana vizuri sana.

"Utaanzia ghorofa ya chini," aliongeza. "Hili la kwako ni la mwisho. Hapo najua hutalala kazini."

Mama mkwe akainuka, akafunga kilemba upya. "Twende, mwanangu."

Mke alisimama kidogo mlangoni akivaa viatu. Ampia alimwomba abaki, safari hii bila maneno matamu, maana hayakuwapo. "Likipita kwa mkaguzi wa kweli, nitarudi," mke akasema. "Na anipigie yeye, siyo wewe."

Wiki ya tatu ilimkuta Ampia amelala kifudifudi ndani ya kabati la jiko la nne, mavumbi mpaka kwenye kope, akivuta waya wa ethi. Nje ya kabati zilionekana ncha za viatu viwili. Yule mkaguzi mkondefu wa dukani aliinama, akagusisha kipimo chake kwenye oveni, akangoja.

"Bado linavuja," akasema. "Rudi ndani."