Kamba Iliyolindwa na Kioo

"Sasa hiyo kamba inamlinda nani?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo siku tuliyotangaziwa habari njema. Nikamwambia asikufuru, mambo ya ofisi yana wenyewe.

Tangazo alilisoma Bwana Mkurugenzi mwenyewe: Idara ya Miti imepata kamba ya kisasa ya kupandia, kufuatia "tukio la kuteremka nje ya utaratibu". Tukio hilo ni marehemu mume wangu. Alidondoka kwenye mvule ulio mbele ya ofisi. Mungu amrehemu.

Kamba ikawekwa kwenye kabati la kioo, nami nikapewa kazi ya kukifuta kioo. Kamati ya Usalama wa Kamba ikakaa wiki mbili, ikaona kwamba kamba ikitumika itachakaa, na kamba iliyochakaa ni hatari kwa maisha ya watu. Kwa hiyo wapanda miti waje kila asubuhi, waitazame, watie saini kitabuni kwamba wameiona, ndipo wapande. Wakapanda mikono mitupu, ila wana uelewa, na mwenye uelewa, alisema Mkurugenzi, haanguki.

Mwanangu wa pekee ndiye aliyerithi panga la baba yake na kazi yake ya kupanda kukata matawi. Kila asubuhi akitia saini, mimi nafuta kioo huku nasali. Sala haikuwa na safu yake kitabuni, lakini jioni alikuwa anarudi mzima.

Juma lililopita Mkurugenzi alitaka kupigwa picha akitundika bango la USALAMA KWANZA kwenye ule ule mvule. Akapanda ngazi na tai yake shingoni. Alipolishika tawi, ngazi ikateleza, ikavunjika vipande viwili. Akabaki amelikumbatia tawi, kiatu kimoja kimetangulia chini.

"Leteni kamba!"

Mwanangu akaleta kitabu.

"Shikamoo, mkubwa. Leo umeshaiona?"

"Una wazimu wewe? Nasema kamba!"

"Si ulituambia mtu akishaiona haanguki?"

"Ule ulikuwa uelewa tu! Mama, mwambie mwanao!"

"Ufunguo wa kabati unao wewe, baba," nikasema.

Ufunguo ukadondoka nyasini. Nikaenda kufungua. Miezi yote ile nilikuwa sijawahi kuishika: nzito, laini, bado inanukia duka. Mwanangu akajifunga kiunoni, akapanda taratibu, akamteremsha mkubwa kama ndoo ya kisimani.

Mkurugenzi akajikung'uta, akavaa kiatu.

"Haya, kazi nzuri. Ikunjeni, irudi kabatini. Na wewe mama, itoe hayo majani."

Mwanangu akanitazama. Mimi nikalifunga kabati tupu kwa ufunguo, nikafuta kioo mpaka kikang'aa, kisha nikamkabidhi Mkurugenzi ufunguo wake kwa mikono miwili, na kitambaa changu cha kufutia juu yake.

Mwanangu akaokota panga. Kamba ikiwa bado kiunoni, akatoka getini.