Jengo Zima Lilikuwa Likija Kwetu

Jumatano, 3 Ramadhani

Futari nzuri. Mchuzi wa mboga ya mlokhia, bata, juisi ya aprikoti. Kisha sebule ikabaki na watu wawili: mimi na televisheni.

Binti yangu Rabab kajifungia chumbani na simu, vidude masikioni. Mwanangu Tamir yuko roshani, anaichekea simu yake. Mke wangu Inshirah yuko jikoni na yake, kaiegemeza kwenye kopo la chumvi. Nyumba moja, skrini nne.

Zamani hapa mtaani Shubra jengo zima lilikuwa likija kwetu. Baba ndiye aliyenunua televisheni ya kwanza. Majirani walipanda ngazi na vigoda vyao, wakajibana hadi mlangoni. Tamthilia ikianza, mtaa unanyamaza. Baba alikaa kiti cha mbele na hakuna aliyethubutu kukohoa. Kiti nimekirithi. Watu sikuwarithi.

Nimemwita Tamir tutazame tamthilia pamoja. Amenijibu kwamba ataitazama Ramadhani ikiisha, yote kwa mkupuo, bila matangazo. Tamthilia ya Ramadhani itazamwe baada ya Idi! Basi si bora hata afuturu mchana?

Hali hii haiwezi kuendelea. Nina mpango.

Alhamisi, 4 Ramadhani

Nimechomoa waya wa kisanduku cha intaneti. Nikatangaza kwa uso mzito kwamba mtaa mzima una hitilafu.

Wakatoka mashimoni kama mchwa. Rabab akakaa kwenye kochi. Tamir akakaa kwenye mkono wa kochi. Nikaongeza sauti. Moyo ukanikunjuka.

Matangazo yalipoanza, Rabab akakumbuka kwamba mjomba wake anakaa ghorofa ya juu na intaneti yake haikatiki. Huyo ni Galal, kaka yake Inshirah, mwenye skrini pana kama godoro na kitambi cha kulingana nayo. Matangazo hayajaisha, wote wawili wamepanda.

Inshirah akabaki. Nikamsogezea mto. Kumbe ana bando lake mwenyewe. Akachukua bilauri chafu, akarudi jikoni, akafunga mlango.

Jumamosi, 6 Ramadhani

Nimeona kosa langu. Watu hawaburutwi, wanaalikwa. Nimemtuma bawabu awaambie jengo zima waje kwangu baada ya futari. Nimeagiza sinia la kunafa yenye shira. Viti nimekodi kwa jamaa wa kukodisha mahema ya shughuli, vile vyenye kingo za dhahabu, nikavipanga sebuleni kwa safu. Nilisimama mlangoni nikavitazama. Nilikaribia kulia.

Watu wakaja! Wengi! Lakini taratibu, vichwa chini. Mama Raafat wa ghorofa ya kwanza alinishika mkono, hataki kuuachia. Mwingine alikaa, akafumba macho, akaanza kusoma Fatiha. Mimi nikadhani ni heshima.

Kisha Galal akashuka, kavaa suti nyeusi. Akaniinamia sikioni.

"Pole sana, shemeji. Marehemu ni nani?"

Kumbe ni viti vya msiba. Jamaa wa mahema hana vingine, na jengo zima liliviona vikipandishwa ngazi.

Nikaeleza kwamba hajafa mtu, nimewaita kwenye tamthilia. Mama Raafat aliuachia mkono wangu kama amenusa kitu. Kunafa wakaila. Tamthilia ilipoanza, kila mmoja akatoa simu mfukoni. Galal akaniambia, huku akijipangusa shira kidevuni, kwamba kipindi hicho alikitazama alasiri mtandaoni. Akanisimulia mwisho wake. Sikumwomba.

Jumatatu, 8 Ramadhani

Basi nianze na mmoja. Inshirah.

Alasiri nimeificha simu yake chini ya mto wa kiti changu, nikaikalia. Aliitafuta kwenye kabati, kwenye gunia la mchele, hata kwenye friji. Nami nilisaidia kutafuta, bila kunyanyuka.

Baada ya futari nikamwambia aache vyombo, aje akae. Akaja. Alikaa kando yangu, mikono mapajani, kama yuko hospitali anangoja kuitwa. Tamthilia ikaanza. Nikamweleza nani ni nani. Raha niliyoisikia siwezi kuiandika.

Halafu kiti changu kikaanza kuita. Bila shaka ni Galal! Huyu mtu hana kazi?

Inshirah alinyoosha mkono. Nikanyanyuka. Akaichukua simu, akaikata. Nilingoja kelele. Hakupiga kelele. Aliongea polepole, macho kwenye televisheni.

"Baba Tamir, jengo zima lilipokuwa likija hapa, mimi nilikuwa wapi?"

Nikasema alikuwepo. Wote tulikuwepo.

"Nilikuwa jikoni. Nachemsha chai ya wageni wa baba yako, naosha vyombo vyenu. Sijawahi kuona mwisho wa tamthilia hata moja. Nilikuwa nawasikia ng'ambo ya ukuta, mnacheka, mnalia. Nikija kuuliza imeishaje, unaniambia ninyamaze, taarifa ya habari imeanza." Akasimama. "Sasa naziona kwenye simu. Naanza pale nilipoishia, hakuna wa kuniharakisha. Na hiki kidogo nacho unataka kuninyang'anya?"

Akaenda na simu yake. Nikabaki na ile televisheni. Kuna mtu alikuwa analia kwenye skrini, sijui kafiwa na nani.

Jumanne, 9 Ramadhani

Maneno ya Inshirah yamenichoma tangu daku. Nimekaa nayo asubuhi nzima, na lazima niseme kweli: mwanamke ana haki. Amenung'unika ndani kwa ndani miaka yote hiyo na mimi sikuona. Kosa lilikuwa mbele ya macho yangu.

Ni ule ukuta.

Nimeshaongea na fundi. Kesho Inshirah anakwenda kwa dada yake mjini Tanta, hajui kitu. Akirudi atakuta jikoni na sebule ni chumba kimoja. Sinki nimeagiza ligeuzwe, liitazame televisheni moja kwa moja, ila lisogezwe pembeni kidogo asije akanizibia skrini. Ataosha vyombo vyote na hatakosa kitu, mpaka mwisho.

Rimoti nitashika mimi. Yeye mikono itakuwa na sabuni.